Hyasinta Tluway na Chupa ya Dawa ya Nje

Siku ya kwanza kumwona marehemu ilikuwa Jumatatu, tarehe 9 Machi 1959, kama saa nne asubuhi. Mimi nilimwona yeye. Yeye aliuona mkono wangu tu.

Wakati huo nilikuwa utingo wa lori lililopeleka saruji na mbao Ngorongoro. Kabla hatujaanza kupanda mlima, rejeta ilichemka. Nikafungua kifuniko kabla haijapoa, maji yakaruka yakaniunguza mkono wa kushoto, kutoka kiwiko mpaka kifundo. Dereva wetu, Msafiri, aliniingiza kwenye nyumba ya kwanza aliyoiona kando ya barabara. Mama mmoja wa miaka hamsini na kitu alikuwa shambani anapanda mahindi.

"Mama, huyu ameungua. Una mafuta?"

"Ameungua na nini?"

"Maji ya rejeta."

"Yalikuwa yanachemka, au yalikuwa ya moto tu?"

"Mama, ngozi imeshachubuka! Kuna tofauti gani?"

"Ipo. Ndiyo maana nimeuliza."

Alikata jani nene la mshubiri, akalisimamisha juu ya jiwe mpaka maji ya njano yalipokwisha kuchuruzika. "Hayo usiyaguse, yanawasha," akaniambia. Kisha akalipasua, akanipaka ule ute mweupe kuanzia kiwiko mpaka katikati ya mkono. Hapo akasimama. Akaingia ndani, akaleta samli, akanipaka sehemu iliyobaki mpaka kifundo.

"Dawa imekwisha?" Msafiri akauliza.

"Haijaisha. Nataka kuona."

"Kuona nini?"

"Upande upi utapona kwanza."

Msafiri alicheka mpaka akashika mlango wa lori. "Patrisi, leo umekuwa shamba la majaribio!" Marehemu hakucheka. Aliuambia mkono wangu, "Urudi Alhamisi," akarudi kupanda mahindi yake.

Ndugu wafiwa na ndugu waombolezaji, mimi ndiye huyo Patrisi, mume wa Bernadina, mkwe wa marehemu. Familia imenipa kazi ya kusoma wasifu huu kwa sababu mimi ndiye niliyeuandika. Mimi si msemaji, mnanijua. Lakini kuna jambo la chupa ya dawa ambalo wengi mliopo hapa mmelisikia kwa namna isiyo ya kweli, na jina la marehemu limebeba uzito wake kwa miaka minne. Nikifika mwaka 1964 nitalisema. Naomba mnivumilie mpaka hapo.

Marehemu Hyasinta Tluway alizaliwa Kainam, Mbulu, karibu mwaka 1906. Mwezi hatuujui. Alikuwa mtoto wa tatu kati ya watoto sita wa Mzee Tluway. Dada yake aliyebaki, aliyeketi pale mbele, anasimulia kwamba tangu utoto alikuwa mtu wa kuuliza. Siku moja waliumwa na nyuki, Hyasinta akiwa na miaka kama saba. Watoto wote walikimbia kwa mama yao wakilia. Yeye alifika wa mwisho, uso umevimba, mkononi ameshika nyuki aliyekufa. Akauliza, "Mbona huyu amekufa na mimi sijafa?"

Kuhusu masomo, alisoma miaka miwili misioni Mbulu, akabatizwa hapo mwaka 1919. Alijifunza kusoma sala zilizopigwa chapa kwa herufi kubwa, polepole, akifuata kwa kidole. Alijifunza na kushona. Kuandika hakuwahi kujifunza, maana mama yake aliugua, naye akarudishwa nyumbani kulea wadogo zake. Katika maisha yake yote hakushika kalamu hata siku moja. Naomba mlikumbuke neno hilo.

Tarehe 12 Juni 1926 alifunga ndoa na marehemu Mzee Clemensi Gwandu. Walijaliwa watoto wawili walio hai, Yohani na Bernadina, na wengine watatu waliotangulia wakiwa wachanga. Mwaka 1938 walihamia Karatu kutafuta shamba, wakajenga pale pale mnapopajua, kando ya barabara ya kwenda Ngorongoro. Walilima mahindi, maharage na ngano kidogo. Kwa misimu kadhaa marehemu alichuma pia kahawa katika mashamba ya Oldeani. Mzee Clemensi alifariki mwaka 1957.

Huu mshubiri aliujua tangu Kainam kama kila mtu, yaani kwa uchungu wake. Mama akitaka kumwachisha mtoto kunyonya anajipaka kwenye chuchu, mtoto anaonja mara moja, basi. Lakini matumizi mengine alifundishwa na bibi mmoja wa Kimasai, mama yake Moloimet huyu tuliye naye hapa leo, aliyekuwa akija Karatu kubadilisha ngozi kwa mahindi. Hiyo ilikuwa mwaka 1946 au 1947. Marehemu alimwona yule bibi akikamua jani kwenye kidonda cha punda aliyechubuliwa na mzigo, nzi wote wakaondoka. Kimasai marehemu alijua maneno machache, na bibi Kiswahili alijua machache zaidi. Lakini waliketi kutwa nzima wakionyeshana kwa vidole. Jioni marehemu alikuwa ameshajua kwamba mmea ule kwa Kimasai ni osuguroi, na kwamba maji ya njano ni ya mnyama na ute mweupe ni wa mtu.

Mwingine angeishia hapo. Yeye alitaka kuona. Miguu yake ilikuwa imepasuka visigino kwa kulima, basi akapaka ute mguu wa kushoto tu kwa mwezi mzima, wa kulia akauacha. Mzee Clemensi alikuwa akimtania, "Mama Yohani, mguu wa kulia unalalamika unasema huupendi." Alijaribu kwa waliokatwa na wembe wakinyolewa, kwa waliochubuliwa na jembe, kwa ngozi iliyoungua jua, kwa kuumwa na wadudu. Na pale iliposhindwa alisema imeshindwa. Mama mmoja alimletea mtoto mwenye mapunye. Marehemu akamwambia, "Mapunye haiponyi. Nimejaribu kwenye vichwa vinne."

Nirudi kwenye mkono wangu. Alhamisi ile nilirudi, na Jumapili, na Jumatano iliyofuata. Kila mara aliuliza: huku juu panawasha? Huku chini panavuta? Usiku unaulalia upande gani? Nilikuwa na miaka thelathini na mitatu, sijaoa, na mbele ya wanawake ulimi wangu ulikuwa mzito kama ulivyo hata leo. Lakini maswali ya mkono niliweza kuyajibu. Upande wa mshubiri ulifunga siku ya tisa. Upande wa samli ulifunga siku ya kumi na nne. Aliyekuwa akiniletea kigoda ni Bernadina. Mkono ulipona, mimi nikaendelea kurudi. Siku moja marehemu akasema, "Kijana, mkono umepona tangu mwezi uliopita. Unafuata nini?" Bernadina akacheka jikoni, na hilo likawa ndilo jibu.

Tulifunga ndoa Jumamosi, tarehe 7 Oktoba 1961. Kuanzia siku hiyo nikawa mkwe, na mnajua mkwe anavyoona haya mbele ya mama mkwe wake. Nilianza kuvaa mikono mirefu. Nikifika kwake nilibaki barazani. Hili lilimsumbua sana, kwa sababu alikuwa hajamaliza kuutazama mkono. Akamtuma Bernadina: "Mwambie mumeo nataka kuona kovu." Bernadina akaleta jibu langu kwamba naona haya. Nikasikia sauti ndani: "Mwambie simtaki yeye, nautaka mkono!"

Basi tukapatana. Nilisimama nje ya mlango, nimegeukia barabara, nikapitisha mkono ndani. Yeye akautazama kwa ndani na kuugeuza, akauliza maswali, nami nikajibu nikitazama magari. Tumefanya hivyo kila miezi michache kwa miaka sita na zaidi. Wapita njia walinicheka, na haki yao.

Sasa nimefika mwaka 1964.

Mwaka ule marehemu alianza kutengeneza dawa ya chupa kwa ajili ya wafugaji, kwa sababu majani yalinyauka kabla hayajafika mbali. Alichemsha ute pamoja na maji ya njano, ikawa kali, ya kupaka vidonda vya ng'ombe na punda. Abbasi, mwenye duka hapa Karatu, alikubali kuziuza. Zikahitaji karatasi ya jina. Katika nyumba yetu aliyejua kuandika vizuri ni mimi, kwa darasa langu la nne.

Nilikuwa barazani, yeye jikoni, Bernadina akipeleka maneno.

"Mama anasema, andika: ya kupaka, usinywe."

Karatasi zilikuwa ndogo, na mimi nilitaka herufi kubwa zipendeze. Niliwahi kuona mahali chupa iliyoandikwa kwa ufupi, nikaona ni lugha ya kitaalamu. Nikaandika DAWA YA NJE. Bernadina akampelekea aitazame. Nikasikia anasoma kwa kidole, herufi moja moja. Kisha akauliza, "Nje ya nini?"

Bernadina akaja. "Mama anauliza, nje ya nini?"

"Mwambie nje ya mwili," nikasema. "Inajulikana."

Nasema mbele yenu wote: aliuliza. Jibu lilikuwa langu.

Mwezi Agosti, Moloimet alikuja kutoka Kakesio, walikokuwa wamehamia mwaka 1959, akataka dawa ya ng'ombe wake mwenye kidonda. Abbasi akampa chupa, akamsomea kwa fahari: "Dawa ya nje. Hii ya ng'ambo hii, si mchezo." Abbasi hakudanganya. Alisoma kilichoandikwa, akaelewa kama ambavyo mtu yeyote wa duka angeelewa. Nguo ya nje ni ya ng'ambo, saa ya nje ni ya ng'ambo, na dawa ni hivyo hivyo.

Nyumbani kwa Moloimet, mke wake Sintamei alikuwa na mimba ya miezi mitano na alikuwa na homa. Dawa ya ng'ambo hunywewa kwa kijiko, kila mtu ameona zahanati. Akanywa vijiko vitatu.

Tumbo lilimkata, akaharisha siku mbili, kisha akaanza kuona damu. Moloimet alimpandisha punda mpaka barabarani, wakapata lori mpaka zahanati. Dresa Shaabani, aliyekuwa akitibu na kufunga vidonda hapo, akaitisha chupa, halafu akamwita mama. Tulikwenda watatu: mama, Bernadina na mimi nyuma yao.

"Mama, chupa hii ni yako?"

"Yangu."

"Ndani mna nini?"

"Mshubiri na maji yake ya njano. Ya kidonda cha ng'ombe."

"Mbona umeandika ya nje? Umewaambia watu imetoka Ulaya?"

Marehemu aliichukua chupa, akapitisha kidole juu ya herufi. Nilimwona alipoelewa. "Ya nje," akasema taratibu. "Kumbe."

"Nani ameandika hivi?"

Nilikuwa mlangoni. Nilifungua mdomo, na ninaapa mbele ya jeneza hili kwamba hakuna kilichotoka.

"Mimi," akasema marehemu.

Bernadina alitazama chini. Dresa hakujua kwamba yule mama hajawahi kushika kalamu, akaandika jina lake kwenye daftari.

Siku tatu marehemu hakuondoka kando ya kitanda cha Sintamei. Alimnywesha maji ya chumvi kidogo na uji mwembamba kama dresa alivyoagiza, kijiko kimoja kimoja. Na aliendelea kuuliza. Uliinywa umekula au hujala? Maumivu yalianzia wapi? Yalikuja kwa mawimbi au kwa pamoja? Sintamei, ambaye sauti yake ilikuwa imekwisha, akamwambia, "Bibi, unaniuliza hata nikiwa nakufa?"

"Usife," marehemu akajibu. "Nitamuuliza nani?"

Moloimet anasema hapo ndipo mkewe alipocheka kwa mara ya kwanza. Siku ya nne damu ilikatika na mtoto akacheza tumboni. Mwezi Desemba alizaliwa msichana, Nanyokie. Ni yule pale, amesimama na baba yake na mama yake. Wametoka Kakesio jana.

Lakini maneno yalishatembea. Ilisemwa kwamba Mama Hyasinta anachemsha majani ya porini na kuwauzia watu kama dawa ya Ulaya. Abbasi alirudisha chupa kumi na moja. Akina mama kisimani wakampa jina la Mama Ng'ambo, na mnalijua, wajukuu wengine hapa hawajui kama ana jina lingine. Walimwuliza, "Mama Ng'ambo, meli yako haijafika?"

"Imefika," akawajibu, "imekwama kwenye magadi ya Ziwa Eyasi, huko Baray. Nendeni mkasukume."

Alicheka nao. Lakini Bernadina alijua kwamba tangu siku hiyo aliacha kukaa mstari wa mbele kanisani. Nilimtuma Bernadina amwambie kwamba nitakwenda kwa dresa na kwa Abbasi niseme ukweli. Jibu lilirudi hapo hapo: "Mwambie anyamaze." Mwezi ule nilikuwa nimeomba kazi ya karani wa ghala katika chama cha ushirika, na Bernadina alikuwa amebeba mtoto wetu wa pili. Karani ambaye ameandika asichokielewa hadi mtu akakaribia kufa, nani angemchukua? Kazi nilipata. Watoto wangu wamekula kwa jina la bibi yao. Mimi nilinyamaza kwa sababu aliniambia, na kwa sababu kunyamaza kwangu ni rahisi.

Chupa hakutengeneza tena. Alisema, "Jani halina maandishi." Kuanzia 1965 alichimba vichipukizi vya mshubiri na kumpa kila aliyepita, akimwonyesha kwa mikono yake: simamisha jani, mwaga njano, paka nyeupe, mdomoni hapana. Leo mshubiri wake uko kwenye maboma Kakesio, na tumeambiwa umefika mpaka Malambo.

Mwaka 1966 Dresa Shaabani mwenyewe alikuja nyumbani. Alikuwa na mgonjwa aliyeungua kwa uji, na bandeji zilikuwa zinashikamana na kidonda. Aliomba majani.

"Nitakupa," marehemu akasema, "lakini upake nusu tu."

"Mama, mgonjwa si shamba!"

"Basi utajuaje?"

Walibishana, wakanywa chai, wakabishana tena. Dresa alikosha jani kwa maji yaliyochemshwa, akachemsha na kisu, akaweka ute chini ya bandeji safi ili isishike. Marehemu alilipenda sana hilo la kuchemsha kisu, akalifundisha kwa kila mtu kama ni lake. Baadaye dresa alimweleza kwamba amesoma katika kitabu, madaktari wa Ulaya nao wanaupaka kwa walioungua.

"Kumbe kweli ni ya ng'ambo!" marehemu akasema, akacheka mpaka akafuta machozi.

Ugonjwa wake ulianza mwezi Machi mwaka huu, kwa kuvimba tumbo na kupungua mwili. Alilazwa hospitali Mbulu kuanzia tarehe 20 Mei hadi 18 Juni. Madaktari walipoona kwamba hawana la kufanya zaidi, aliomba arudishwe nyumbani. Jirani mmoja kwa nia njema alimshauri anywe mshubiri kidogo. Akamjibu, "Ule ni wa nje. Huu wangu ni wa ndani." Alimwuliza padre aliyempaka mafuta matakatifu mafuta yale yametokana na nini, na padre akamweleza. Alifariki nyumbani Jumatano, tarehe 14 Agosti 1968, saa kumi na moja alfajiri, akiwa na miaka kama sitini na miwili.

Ameacha dada mmoja, watoto wawili, Yohani na Bernadina, mkamwana mmoja, mkwe mmoja ambaye ni mimi, wajukuu tisa, na mtoto wa Kakesio anayemwita bibi. Mungu aliyeumba jani lile na aliyemuumba yeye wa kulitazama ampokee, na huko aliko apate kupumzika, na kama huko maswali yanaruhusiwa, ajibiwe yote.

Jumapili iliyopita nilikwenda kumwona. Nilisimama mahali pangu nje ya mlango, nikageukia barabara, nikapitisha mkono ndani. Macho yake yalikuwa hayaoni vizuri tena. Alilishika kovu kwa vidole, akatoka kiwiko akashuka mpaka kifundo, akarudi juu. Kisha nikasema, mimi mwenyewe, bila Bernadina kati yetu, kwamba mama, ile karatasi ya chupa niliiandika mimi, na nimechoka kulibeba hili ndani.

Hakuniachia mkono. Akasema, "Humu ndani tunajua wote. Kaseme nje."